Hakukukuta: mwongozo wa utafiti mdogo wa isimu na kompyuta kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza

Chukua neno hakukukuta. Mswahili analielewa mara moja: alikuja, wewe hukuwepo. Ndani yake mna ku tatu zilizofuatana, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza inakanusha wakati uliopita, ya pili ni wewe uliyetafutwa, ya tatu ni kipande tu cha mzizi wa kuta. Kompyuta haioni hayo. Inaona herufi mbili zilezile, mara tatu.

Hapo pana utafiti mzima wa mwaka wa tatu. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayesoma isimu na sayansi ya kompyuta kwa pamoja, au anayesoma moja na kuiibia muda nyingine. Unaanzia kwenye swali, unapita kwenye data na programu, kisha unaingia kwenye chumba cha semina, kwa sababu kazi ileile ukiweza kuwafundisha wenzako utagundua mahali ulipokuwa unajidanganya. Mfano ni ku mwanzo hadi mwisho. Ukitaka, weka ki, po au ni badala yake, hatua hazibadiliki.

Punguza swali mpaka liingie mkononi

Mada zinazopelekwa kwa wasimamizi mara nyingi ni kubwa mno: mfumo wa kutafsiri Kiswahili, roboti la mazungumzo, programu ya kusahihisha insha. Tatizo lake si ugumu tu. Mada ya namna hiyo haina mahali pa kusema "hapa nimeshindwa", kwa hiyo wiki ya 12 mwanafunzi ana programu inayofanya kazi nusu na hana la kuandika.

Swali zuri la shahada ya kwanza lina sifa mbili. Linajibika kwa mifano isiyozidi 1,500 ambayo umeiangalia yote kwa macho yako, na unaweza kueleza kabla ya kuanza matokeo gani yangelijibu kwa "hapana". Kwa ku, swali ni hili: katika matini ya habari, programu inayoona neno peke yake inatambua kazi ya ku kwa kiwango gani, na ku zipi haziamuliki bila kusoma sentensi nzima?

Usiogope kwamba wengine wametangulia. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kujenga mfumo wa uchanganuzi wa Kiswahili uitwao SALAMA miaka ya 1980, kwa msingi wa mofolojia ya ngazi mbili (mbinu ya kuieleza kompyuta jinsi vipande vya neno vinavyoungana) ambayo Kimmo Koskenniemi aliitoa mwaka 1983. Hiyo ni faida yako, maana una kitu cha kujilinganisha nacho. Wewe hujengi mchanganuzi mpya wa lugha nzima. Unauliza mahali pamoja panapoleta utata, na kwa nini.

Tafuta wasimamizi wawili, mmoja wa isimu na mmoja wa kompyuta, hata kama ni mmoja tu atakayetia saini. Usiandike "naomba tukutane nikueleze wazo langu". Tuma ukurasa mmoja wenye swali, maneno kumi ya mfano yenye utata, data itakakotoka na namna utakavyopima. Mhadhiri mwenye wanafunzi thelathini wa kusimamia hujibu kwanza barua yenye kitu cha kukosoa. Baada ya hapo omba nusu saa kila wiki mbili, na nenda na jedwali, si maelezo ya ulivyohangaika.

Data: chagua matini, si watu, kama muda ni mfupi

Ukihoji watu au kurekodi sauti unahitaji vibali. Kenya kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, Tanzania Bara kuna tume kama hiyo, COSTECH, na barua ya chuo, Zanzibar ina utaratibu wake. Juu ya hapo kuna sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Ulizia ofisi ya utafiti ya chuo chako mwanzoni kabisa mwa muhula, kwa sababu kibali kinaweza kula muhula wote. Matini yaliyokwisha chapishwa hupunguza sehemu kubwa ya safari hiyo.

Vyanzo vinavyofaa vipo. Korpasi (mkusanyo wa matini) ya Kiswahili ya Helsinki, inayopatikana kupitia Benki ya Lugha ya Finland, ina maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili. Wikipedia ya Kiswahili hupakuliwa yote bure, lakini ina makala mengi mafupi yenye sentensi za kalibu moja kuhusu miji na watu. Ukiyachota bila kuchuja, nusu ya mifano yako itakuwa pacha. Kundi la Masakhane, la watafiti wa lugha za Kiafrika na kompyuta, limetoa seti za habari zilizowekewa lebo, Kiswahili kikiwamo. Maandishi ya magazeti unaweza kuyasoma na kuyahesabu, ila huna haki ya kuyagawa upya. Unachoweza kugawa ni lebo zako pamoja na namba ya hati na mahali pa neno, ili mwenye chanzo aviunganishe mwenyewe.

Sasa kusafisha. Hapa ndipo wanafunzi wa kompyuta huharakisha na kuumia. Alama ya ng' huandikwa kwa angalau herufi nne tofauti katika mafaili ya mtandaoni, kwa namba zake za Unicode: U+0027, U+2019, U+2018 na U+02BC. Machoni zinafanana, kwa mashine ni maneno manne. Zaidi ya hapo, kanuni ambayo kila mafunzo ya Python huitoa kwa kukata maneno, \w+, huikata ng'ombe ikapatikana "ng" na "ombe". Badilisha kwanza alama zote ziwe U+0027, weka herufi zote ndogo, kisha tumia:

[a-z]+(?:'[a-z]+)*

Kanuni hii inaruhusu alama ndani ya neno tu, kwa hiyo neno lililofungwa kwa vinukuu halitavibeba. Matini yaliyotolewa kwenye PDF yana ugonjwa mwingine: neno lililokatwa mwisho wa mstari kwa kistari. Unganisha kistari kinachofuatwa na mstari mpya, halafu angalia mifano 50 kwa macho, maana utaunganisha na vistari halali.

Hifadhi kila kitu katika faili la CSV (jedwali la maandishi tupu) la UTF-8 (aina ya usimbaji wa herufi) lenye safu saba: namba ya mfano, namba ya hati, sentensi nzima, neno, nafasi ya ku ndani ya neno, lebo, na safu ya shaka. Safu hiyo ya mwisho itakulipa baadaye. Ukifungua faili hilo kwa Excel kwa kulibofya tu, alama ya U+2019 inaweza kugeuka kuwa takataka ya herufi tatu, na ukihifadhi umeharibu asili. LibreOffice huuliza usimbaji wakati wa kufungua. Chagua UTF-8, na acha faili mama halijaguswa.

Sampuli mbili, zisichanganywe

Ukichota ku kwa bahati nasibu kwenye habari, vitenzi-jina kama kusoma na kujenga vitajaza kapu, na ku za ukanushi zitakuwa chache mno kuzisomea. Kwa hiyo chota mara mbili. Ya kwanza ni ku 600 za bahati nasibu. Hizi ndizo zinazoonyesha hali halisi. Gawa nusu: 300 za mafunzo, 300 za jaribio. Faili la jaribio likishawekewa lebo na kupimwa makubaliano na mtu wa pili, lifungie na usilitazame mpaka mwisho. Ya pili ni ku 400 za kutafutwa, kwa kusaka maneno yanayoanza na ha- na hu- na si-, au ku iliyo katikati ya neno. Hizi ni za mafunzo tu. Ukizitia kwenye jaribio, asilimia utakayoripoti haitakuwa ya matini yoyote duniani.

Gawa kwa hati, si kwa sentensi. Habari moja hurudia maneno yake. Sentensi ya pili ikiwa kwenye mafunzo na ya tano kwenye jaribio, programu imeshaonyeshwa majibu.

Lebo saba na ubishi wake

Hapa ndipo penye isimu yenyewe, na ndipo pa kutumia muda mwingi. Kipimo ni kila ku, si kila neno. Lebo tunazopendekeza ni hizi:

JINA: ku ya kitenzi-jina, ngeli ya 15. Kusoma, kukupenda (ile ya kwanza).

YAMBWA: wewe unayetendwa. Anakupenda, alikupa. Hata nitakuambieni imo humu, ingawa ni wengi.

MKAZO: ku inayoshikizwa kwenye vitenzi vya silabi moja ili mkazo upate pa kukaa. Anakula, alikunywa, amekufa.

KANUSHI: hakusoma, sikulala.

KIIMA: ku inayoshika nafasi ya mtendaji mwanzoni mwa kitenzi. Kunanyesha, kumekucha (ya kwanza, ya pili ni MKAZO), kusoma kunachosha (ya pili).

MGANDO: maneno yaliyokuwa vitenzi-jina yakagandia kazi nyingine, kama maziwa yagandavyo. Kuhusu, kutoka Dodoma, "alisema kuwa".

SHINA: ku ambayo ni sehemu ya mzizi au neno. Kumbuka, kubali, kusanya, chukua, siku.

Orodha inaonekana safi mpaka uanze kazi. Kula ni JINA au MKAZO? Ni vyote viwili, kwa maana ku moja inabeba mizigo miwili. Amua kwamba mwanzoni mwa neno JINA hushinda, andika uamuzi na tarehe, endelea. Kutokusoma: ku ya pili ni ya nini, ikiwa wengine huandika kutosoma na maana haibadiliki? Amua, andika. "Kutoka" katika "alitaka kutoka" ni JINA. Katika "basi kutoka Tanga" ni MGANDO. Katika "fedha zilizopatikana kutoka serikalini" watu watagombana. Faili la maamuzi litafika kurasa nne au tano, na mtahini mwenye busara atalisoma kabla ya sura ya kwanza.

Halafu kuna yale maneno ambayo mwanafunzi akiyapata anajua mada yake ina nyama. Hakupendi na hakupenda: irabu ya mwisho inabadilisha kazi ya ku yote. Katika hakupendi ni wewe usiyependwa sasa, katika hakupenda ni wakati uliopita uliokanushwa. Programu ikisoma irabu ya mwisho inapata jibu. Lakini vitenzi vingi vilivyotoka Kiarabu havibadilishi irabu, na hapo mlango unafungwa: hakusamehe ni "hakutoa msamaha" au "hakupi wewe msamaha"? Hakujibu je? Neno peke yake halisemi. Ni sentensi tu, na mara nyingine hata sentensi haitoshi.

Jozi nyingine za kuanzia. Alikulisha si MKAZO ijapokuwa asili yake ni -la, kwa sababu -lisha ina silabi mbili na haihitaji msaada. Ku pale ni wewe uliyelishwa. Alikupa vilevile: -pa ni fupi lakini haiendi bila yambwa. Alikulia Tanga ni SHINA, kutoka kua, "chakula chako alikulia nani?" ni wewe uliyeliwa chakula. Walikutania huenda walikutana hotelini, huenda walikufanyia utani. Na nakujua katika "huko nakujua" ni mahali, si mtu. Ni adimu, lakini ikitokea mara tatu katika 1,000, itie kwenye safu ya shaka na uieleze.

Weka lebo 100 za mazoezi kwanza, kisha zitupe. Ndiyo, zitupe: ziliwekwa kabla hujajua unachofanya. Baada ya hapo kasi ya 60 hadi 80 kwa saa ni ya kawaida. Usikae zaidi ya saa moja na nusu kwa kikao, maana uchovu huonekana kwenye data kama mfululizo wa JINA, JINA, JINA.

Mtu wa pili na kapa

Lebo za mtu mmoja ni maoni. Mtafute mwenzako, mpe faili la maamuzi na ku 200 kati ya zile 300 za jaribio, bila lebo zako. Msizungumze mpaka amalize.

Kupima makubaliano msitumie asilimia tupu. Lebo moja ikitawala, watu wawili wanaokisia watakubaliana sana bila kujua lolote. Tumia kapa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha, iliyotolewa mwaka 1960. Tuseme mmekubaliana 176 kati ya 200, yaani 0.88. Kwa kila lebo, zidisha uwiano wako kwa uwiano wa mwenzako, kisha jumlisha zote. Tuseme mmepata 0.30. Kapa ni (0.88 − 0.30) ÷ (1 − 0.30), yaani 0.83. Ikiwa juu ya 0.8 endelea. Ikiwa chini ya 0.7, tatizo huwa liko kwenye faili la maamuzi kuliko kwa mwenzako: tazama lebo zipi mbili zinabadilishana (tungeweka dau kwa JINA na MGANDO), rekebisha kanuni, mrudie na sampuli mpya. Ripoti kapa ya kwanza na ya pili. Kuificha ya kwanza ni uongo mdogo ambao wahakiki wanaujua.

Siku hizi wengine huipa modeli kubwa ya lugha, kama ChatGPT, kazi ya "mtu wa pili". Ruksa kujaribu, mradi uiite kwa jina lake. Makubaliano kati yako na mashine hayaonyeshi kama lebo zako zinaeleweka kwa wasemaji.

Programu: anza na kanuni

Kwanza pata alama ya chini: programu inayojibu JINA kwa kila ku. Hesabu usahihi wake. Chochote utakachojenga lazima kiipite hii, na mara nyingi inaaibisha kuona ilivyo juu.

Kisha andika kanuni, kwa mpangilio huu. Toa maneno yasiyo vitenzi kwa orodha (siku, kuku, kubwa, huku, hukumu). Jibu MGANDO kwa orodha fupi. Tafuta mizizi inayoanza na ku. Kama neno lina kiambishi cha ukanushi na ku inafuata, tazama irabu ya mwisho. Kama kabla ya ku kuna li, na, ta, me au nge na baada yake kuna la, nywa, fa, ja, wa, cha au nya peke yake, jibu MKAZO. Kikifuata pa au kirefu zaidi, YAMBWA. Ku ya mwanzo wa neno ikifuatwa na kiambishi cha njeo (cha wakati) ni KIIMA, vinginevyo JINA.

Mpangilio ukibadilika matokeo yanabadilika, na hilo lieleze. Kanuni ya KIIMA ndiyo itakayokutesa: kulima itasomwa ku-li-ma, kunawa itasomwa ku-na-wa, kumeza itasomwa ku-me-za. Dawa ni orodha ya mizizi ya vitenzi. Mizizi 600 inayotumika sana inatosha. Itengeneze mwenyewe kutoka kwenye korpasi, usinakili kamusi nzima yenye haki miliki. Neno likikubali uchanganuzi mfupi wenye mzizi uliomo kwenye orodha, huo ushinde.

Baada ya kanuni ndipo uende kwenye ujifunzaji wa mashine. Maktaba ya Python iitwayo scikit-learn na rigreshoni ya lojistiki (mbinu ya takwimu ya kupanga vitu kwenye makundi) vinatosha kwenye laptopu ya kawaida. Ipe herufi tatu kabla ya ku, herufi nne baada yake, irabu ya mwisho, idadi ya silabi zinazobaki, neno la nyuma na neno la mbele. Endesha mara mbili, na maneno jirani na bila. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo jibu la swali lako la utafiti. Modeli kubwa za lugha za Kiafrika unaweza kuzijaribu kama muda umebaki, lakini tasnifu isisimame juu yake.

Fungua jaribio mara moja tu, mwishoni. Ukipata 90% kwenye ku 300, ukingo wa makosa kwa kiwango cha 95% ni takriban asilimia 3.4 juu na chini. Ungekuwa na ku 100 ungekuwa karibu 6. Kwa hiyo programu mbili zilizopishana kwa asilimia 1 zimepishana kwa ku tatu, na hakuna mshindi hapo. Kwa kila lebo ripoti pia usahihi wake (majibu mangapi ya lebo hiyo ni ya kweli) na ukamilifu wake (ku ngapi za lebo hiyo zimepatikana), la sivyo KIIMA itapotea ndani ya wastani.

Kisha soma makosa yote, moja moja. Yakiwa 30, ni jioni moja. Yapange kwa sababu: orodha pungufu, tahajia (anakua na anakuwa huchanganywa sana mtandaoni), lebo yako mwenyewe ilikosea, na utata wa kweli kama hakusamehe. Sura hii ndiyo mtahini wa isimu atakayoisoma kwa hamu.

Kuipeleka darasani

Marekani idara nyingi za sayansi ya kompyuta huajiri wanafunzi wa shahada ya kwanza kusaidia maabara. Kwetu nafasi rasmi kwa kawaida ni ya waliokwisha hitimu, lakini mhadhiri akiona una zoezi lililo tayari, kukupa kundi la semina la watu 15 si jambo gumu. Omba vipindi vitatu, visizidi.

Kipindi cha kwanza kisiwe na kompyuta kabisa. Sababu ni ya vitendo: usakinishaji wa programu kwenye laptopu 15 za aina 15 utameza kipindi chote. Chapisha maneno 24 yenye ku, yakate vikaratasi, panga watu wawili wawili, mmoja wa isimu na mmoja wa kompyuta. Usiwape lebo. Waambie wapange mafungu na walipe kila fungu jina. Ni mtindo wa mafumbo ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Isimu, iliyoanza Bulgaria mwaka 2003: data kidogo, kila kinachohitajika kimo ndani. Changanya anakula, anakupa na alikulisha humo. Fungu la MKAZO ndilo linalochelewa kuonekana. Ukimaliza dakika 25 bila mtu kuliona, weka akala na anakula pamoja mezani na unyamaze. Hesabu kumi kimoyomoyo. Mwalimu mgeni hujibu swali lake mwenyewe baada ya sekunde mbili.

Kipindi cha pili: jedwali la kielektroniki, maneno 40, kila mmoja peke yake, kisha kapa kwa mkono. Kubali kwamba aliyekulia Mombasa na aliyekulia Mwanza hawatakubaliana kuhusu anaenda na anakwenda. Usiwe hakimu, andika tofauti hiyo kwenye faili la maamuzi, nayo itakuwa imefundisha kuliko mhadhara.

Cha tatu: Python. Beba mafaili kwenye flashi, maana intaneti ya maabara itakatika siku hiyohiyo. Anza na \w+ na ng'ombe, wacha waione ikikatika, ndipo uwape kanuni sahihi. Wa isimu wataogopa dirisha jeusi. Waandikie mstari mmoja unaofanya kazi na waubadilishe, wasianze na ukurasa mtupu. Wa kompyuta wataona sarufi ni mambo ya kidato cha pili. Wape hakujibu waandikie kanuni.

Mambo mawili ya kuchunga. Usiwape alama rafiki zako. Mkabidhi mhadhiri kazi na vigezo. Na lebo walizoweka wanafunzi darasani usizigeuze data ya tasnifu yako, kwa sababu mtu anayesubiri alama za semina yako hana uhuru wa kukataa. Ukizihitaji, omba baada ya alama kutoka, kwa maandishi, kwa kupitia mhadhiri.

Baada ya tasnifu

Muhtasari wa ukurasa mmoja unaweza kwenda kwenye kongamano la CHAWAKAMA, ambalo ni la wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Upande wa kompyuta kuna warsha ya AfricaNLP, ya lugha za Kiafrika na kompyuta, na Deep Learning Indaba, kongamano la Afrika la ujifunzaji wa mashine lililoanza mwaka 2017. Jarida la Mulika la TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hupokea makala kwa Kiswahili. Chagua moja kwanza. Makala ileile haipelekwi pawili kwa wakati mmoja.

Kwenye wasifu wako usiandike "uzoefu wa utafiti". Andika: nimeweka lebo ku 1,000, kapa 0.83, programu ya kanuni na ya takwimu, nimeongoza semina tatu za watu 15. Anayekuandikia barua ya mapendekezo mpe mistari hiyohiyo, pamoja na jedwali la makosa, wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho.

Mwisho kabisa, weka folda moja yenye data, faili la maamuzi, msimbo na faili liitwalo SOMA lenye amri za kuendesha kila kitu kwa mpangilio. Mpe mwenzako aiendeshe kwenye kompyuta yake wewe ukiwa haupo chumbani. Namba zikitofautiana na zako, tazama kwanza kama ulisahau kuweka mbegu ya bahati nasibu, yaani namba inayofanya uchaguzi wa nasibu urudiwe vilevile. Kisha tazama kama njia ya faili imeandikwa kwa jina la kompyuta yako.